Daraja la Kijito na Mgongo wa Babu Kivuko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara ya Utalii,

Kabla ya yote, pole kwa kubebwa. Sisi waongoza matembezi ya ziwani tunakukaribisha ng'ambo hii ya kijito, na tunafurahi kuona viatu vyako ni vikavu.

HISTORIA YETU

Njia yetu huzunguka ziwa lote chini ya milima ya theluji, kisha hurudi kupitia bondeni. Ni njia ya familia. Sheria ni moja: mwenye miguu mifupi kuliko wote hutangulia, na hakuna ruhusa ya kumpita. Akichuchumaa kutazama mdudu, msafara mzima husimama.

Tangu mafuriko yalipochukua daraja, wageni huvushwa mgongoni na mwenzetu mkongwe, ambaye watoto humwita Babu Kivuko. Sisi wengine tumejaribu. Maji ni baridi, mawe yanateleza, na watoto wakituona tu wanalia kwamba wanamtaka Babu.

MAFANIKIO

Hakuna mtoto aliyewahi kulowa. Alilowa mwalimu mmoja, aliyekuwa akimwelekeza Babu pa kukanyaga. Tulipoomba daraja, idara yako ilituletea bango zuri lenye picha ya familia ikivuka daraja. Tunashukuru. Tulijaribu kulilaza juu ya kijito, halikufika.

CHANGAMOTO

Changamoto ni mgongo. Mkewe Babu anasema, "Niliolewa na mtu mrefu jamani. Siku hizi namwona utosi." Mwenyewe alipotusikia tukiandika haya alikuja juu: "Andikeni mawe yanateleza. Mgongo wangu uacheni, mgeni unamhusu nini?" Tumeuandika. Tunampenda, na tunaogopa.

Kosa la jukwaa ni letu. Tulilijenga upande huu kwa sababu ziwa linaonekana vizuri, tukasahau kwamba mgeni rasmi haji peke yake. Babu amekuvusha wewe, katibu wako, dereva, na mpiga picha na vyombo vyake. Ulipokumbuka kwamba hotuba imebaki garini, Babu akavuka tena kuifuata. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipokukabidhi hotuba aliketi kwenye lile jiwe, na mpaka tunasoma hapa hajainuka. Anatabasamu kwa heshima yako.

MAOMBI

Tunaomba daraja. La mbao linatosha, na kamba ya kushikilia iwe ya kimo cha mtoto.

Siku ya kulifungua, tunaomba utepe usiwepo. Atangulie mjukuu wa Babu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Babu amshike mkono, asibebe mtu. Wewe na sisi tutafuata nyuma, na hakuna ruhusa ya kumpita.

Mungu akujalie afya, wewe na nyumba yako, akurudishe salama kwa wanao. Kuhusu namna ya kurudi ng'ambo, kamati bado inajadili.

Ni sisi,
Waongoza Matembezi ya Kuzunguka Ziwa
(kwa sasa, mpaka kijitoni)