Sauti ya Nyuma ya Duara

Mgeni rasmi, Bi. Odile Mengue, mkuu wa Nyumba ya Kuhifadhi Sauti ya Yaoundé. Mzee wetu wa kijiji. Mama zetu na ndugu zetu,

KARIBU
Sisi wanawake waimbaji wa jamii ya Baka wa hapa Mayako tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa kukuketisha katikati, wengine wetu wakiwa nyuma yako. Wimbo wetu wa yeli, tunaouimba tukisimama kwa duara, hausikiki kutoka upande mmoja.

TULIKOTOKA
Kwetu mtoto wa kike hapewi somo la kuimba. Husimama nyuma ya mama yake, akasikiliza anavyojibizana na mwenzake wa ng'ambo ya duara, mpaka sauti ile iwe yake.

MAFANIKIO
Mwaka juzi fundi wenu alikuja kutunasa sauti, nasi tulifurahi. Alikuwa na maikrofoni moja. Akasema, "Mama zangu, njooni mbele, mpange mstari." Bibi Nyabo akamwambia, "Mjukuu wangu, kwani sisi ndizi za sokoni?" Tukacheka, tukapanga mstari. Hatukumweleza kwamba sisi huimba kwa duara. Tulidhani chombo chake kinajua kusikia kuliko sisi.

CHANGAMOTO
Mama Semoa, mzazi wa msomaji wa risala hii, alifariki masika yaliyopita. Sauti yake nyembamba, ya juu kabisa, ndiyo iliyokuwa ikimjibu Bibi Nyabo. Wimbo tulioletewa ulibanwa ili uingie kwenye simu, na sauti zote zimerundikana mahali pamoja kama uji. Mabinti wameusikiliza mara nyingi. Mama Semoa hayumo. Mmoja wao alisema, "Labda siku ile hakuimba."

"Aliimba," akasema Bibi Nyabo. "Mimi nilikuwa najibizana na nani, kuku?" Kisha akainuka, akaingia ndani.

MAOMBI
Tunaomba mtutafutie huko kwenu wimbo ule kabla haujabanwa. Huenda yumo.

Tena tunaomba mje na maikrofoni nyingi, mzipange kulizunguka duara letu, mtunase tulivyosimama, wakati Bibi Nyabo bado ana pumzi. Kifua kinamsumbua. Ni yeye peke yake anayekumbuka alivyokuwa akijibiwa.

Sasa tutakuimbia. Nyuma yako, upande wa kushoto, utasikia pengo. Hatujakosea, mgeni wetu. Hapo ndipo alipokuwa akisimama Mama Semoa.

Komba, Mungu wetu muumba, akufungulie njia ya msituni, ufike kwako salama, na akurudishe kwetu mapema.

Ni sisi,
Wanawake Waimbaji wa Mayako.
Imesomwa kwa niaba yao na Likano, binti Semoa.