Mpira Ambao Clem Noske Hajawahi Kuuona

Miaka thelathini na sita, miezi miwili, na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi na mwenyewe hawajakubaliana idadi yake: huo ndio muda ambao Clement Noske ametunza nyasi za uwanja wetu wa kriketi hapa Adelaide. Ijumaa, tarehe 30 Januari, atarudisha funguo zote isipokuwa mmoja, na Jumatatu yake ataamka akiwa mstaafu. Ofisi inautafuta sana huo mmoja. Mimi najua ulipo, na nitasema kabla sijamaliza.

Kwa wageni wetu, mimi ni Glenys Trestrail wa jikoni. Nimemlisha mtu huyu miaka ishirini na tisa. Kila siku ya mechi hula pai ya nyama inayoelea kwenye supu nzito ya njegere, husema chumvi imepungua, kisha huomba nyingine. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa heshima na kwa ufupi, nami nimemwahidi heshima.

Clem alitoka bonde la Barossa, kwenye familia ya wakulima wa zabibu. Kwa baba yake, nyasi ni kitu cha kung'oa chini ya mizabibu, na mpaka anaingia kaburini mzee yule hakuelewa kwa nini mwanawe analipwa ili ziote. Alianza kama kibarua wa kusukuma rola ya kushindilia udongo. Baada ya miaka kumi na moja alikuwa mtunza uwanja mkuu, na pichi, yaani ule ukanda mgumu wa katikati ambako mpira hurushwa na kupigwa, ukawa mali yake. Nahodha wa timu ya taifa akitaka kuukanyaga, alibisha hodi kwanza.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Asubuhi alipiga magoti, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya nyasi polepole, akanusa. Halafu alitoa ufunguo wa banda la zamani la mashine, banda lililobomolewa kabla mimi sijaajiriwa, akauchomeka kwenye udongo. Ukizama mpaka jino la kwanza, pichi inataka siku moja zaidi ya jua. Ukigoma, tayari. Watunza viwanja walikuja kutoka miji mingine kumtazama, wakarudi kwao nao wakapiga magoti. Vijana wetu wote walifundishwa hivyo hivyo, na Tanvi Sandhu, msaidizi wake, alifumba macho kwa bidii kiasi kwamba siku moja alinusa kinyesi cha shakwe. Sote tuliamini ni elimu ya siri.

Kisha likaja suala la taa.

Mnajua Testi ilivyo, ile mechi ndefu ya kriketi kati ya mataifa mawili: siku tano, nguo nyeupe, mpira mwekundu, na jua. Mnajua pia kwamba jua likiwaka watu wako kazini, na viti vinabaki vitupu. Ikapendekezwa tuanze saa nane mchana, tuendelee chini ya taa kubwa, na mpira uwe wa rangi ya waridi ili uonekane usiku. Mji mzima uligawanyika, hata kwa vinyozi. Clem alikuwa mpinzani mkubwa kuliko wote. Alisema umande utaharibu kila kitu. Alisema mpira wa waridi utachubuka pichi ikiwa kavu, na akiacha nyasi ndefu ili usichubuke, warushaji watawatesa wapigaji. Nilipombandikia ratiba mpya, chai kwanza na chakula baadaye, alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

“Glenys, hicho cha saa moja jioni ni chakula cha mchana au cha usiku?”

“Ni chakula, Clem. Kula.”

“Mtu asiyejua jina la anachokula hajui anachofanya,” akasema, na akala.

Tulimwona mzee mkaidi tu. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo mbele za watu, na leo naomba radhi kwa maandishi.

Ikafanyika mechi ya majaribio. Jua la kwetu kiangazi halizami mpaka saa mbili usiku imepita, na siku ya pili ya mechi, giza lilipoanza kuingia na taa kuanza kushika, Lachlan Ottaway ndiye alikuwa anapiga. Alikuwa mpigaji wa timu ya jimbo, mpole, ana mke na mtoto mchanga, na jina lake lilikuwa linatajwa kwa timu ya taifa. Mrushaji alikimbia, akarusha, na mpira ukampiga Ottaway kwenye mtulinga. Hakukwepa wala hakuinua gongo lake la kupigia. Alisimama kama nguzo mpaka ukamfikia.

Jioni ile wenzake walimmaliza kwa utani jikoni kwangu.

“Ottaway, tukuletee blanketi na maziwa ya moto?”

“Mwacheni, bwana, mwenzenu anaogopa giza.”

Alitabasamu na hakugusa chakula. Clem alikuwa dirishani akisubiri pai yake. Aliondoka bila kuichukua, na hilo halikuwahi kutokea tangu nimjue.

Asubuhi yake kamati ya uwanja ilikaa, chini ya mwenyekiti wetu Rosalind Hambour. Nilikuwamo na sinia la chai, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mmoja wa wachaguzi wa timu alisema mpigaji anayegandishwa na woga hafai, jina la Ottaway lifutwe. Vichwa vikaanza kutikisika kukubali. Clem akasimama, kofia mkononi.

“Kijana haogopi,” akasema. “Hakuuona ule mpira. Najua kwa sababu mimi nilikuwa kwenye kamba ya mpaka wa uwanja, nimeukodolea macho, na sikuuona pia. Mwekundu mchana nauona kama kitu cheusi, inatosha. Huu wa waridi jioni unayeyuka kwenye nyasi. Sioni rangi sawasawa. Nimezaliwa hivyo. Kijani na hudhurungi kwangu ni kitu kimoja.”

Kila mtu mle chumbani alikuwa anapiga hesabu moja: mtunza nyasi mkuu wa uwanja huu hajui nyasi ipi ni hai na ipi imekufa. Alikuwa amelificha hilo tangu siku ya kwanza ya rola, na sasa alikuwa amelitoa mwenyewe, mbele ya watu wenye uwezo wa kumfukuza kazi kabla ya chai kupoa. Alilitoa kwa ajili ya kijana ambaye hawakuwa wamesemezana maneno kumi.

Tanvi, aliyekuwa amekuja na Clem, ndiye aliyesema kwanza. “Kwa hiyo kule kupiga magoti kote, mzee...”

“Nilikuwa natafuta zilizokauka, mwanangu. Wewe unaziona ukiwa mlangoni.”

“Miaka sita,” akasema Tanvi. “Magoti yangu haya, miaka sita.”

Watu walicheka, mama mwenyekiti akiwamo, lakini yeye aliacha mapema. Aliamua pale pale kwamba wachezaji wote wapimwe macho, na asiyeuona mpira wa waridi akae nje ya mechi za usiku bila kuulizwa maswali. Ottaway alipimwa siku ile ile, akakutwa hivyo hivyo kama Clem, na jina lake likabaki kwenye mechi za mchana. Kuhusu kazi ya Clem, mama mwenyekiti alisema hawezi kuamua akiwa ameketi. Akamchukua mpaka katikati ya uwanja, sote tukafuata, nami na sinia langu.

“Nionyeshe nyasi zinapokufa,” akamwambia.

Clem alipiga magoti, akafumba macho. Alionyesha sehemu tatu ambazo kila mwenye macho alikuwa ameshaziona. Halafu akasogea, akaweka kiganja mahali pabichi, pazuri kuliko pote, akakaa hapo muda mrefu.

“Na hapa,” akasema. “Mizizi inakufa.”

Tanvi aliinama akachungulia. Mama mwenyekiti naye. Palikuwa kijani kitupu. Mama mwenyekiti akasema tutasubiri, na Clem akaambiwa aende nyumbani. Siku nne alikaa kwake, kwenye kitongoji cha Semaphore, na mke wake Hedwig aliniambia kwa simu kwamba amekata nyasi za majirani wote mtaani na sasa anaulizia mtaa wa pili. Asubuhi ya siku ya nne Tanvi alifika kazini, akasimama katikati ya uwanja, akanipigia simu jikoni. Hakusema habari za asubuhi.

“Pamegeuka manjano, dada Glenys. Ukubwa wa kiganja chake.”

Nilikaa chini juu ya gunia la viazi. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Miaka yote tulidhani tunaiga elimu ya siri, kisha tukaambiwa ni upofu tu, na siku nne baadaye tukaona kwamba ilikuwa elimu kweli. Huyu mtu alikuwa amejifunza kwa ngozi kile ambacho sisi tulipewa bure kwa macho, na alikuwa amekipita.

Aliporudi, jambo la kwanza aliloomba ni kuandaa mwenyewe pichi ya Testi ya usiku. Aliyeipinga kuliko wote. Alisema ikiwa lazima ichezwe, basi mtu asiumie kwenye nyasi zake. Aliziacha ndefu kiasi, akazilaza, akauchomeka ufunguo mara nyingi zaidi ya nilivyoweza kuhesabu, na mpira ule ulidumu na rangi yake mpaka mwisho.

Jioni ya kwanza ya Testi ile nilitoka jikoni nikasimama naye kwenye kamba. Joto lilikuwa limevunjika na upepo wa baharini umeingia. Mbingu upande wa magharibi ilikuwa na rangi ambazo sitazitaja, kwa kuwa yeye hakuziona, na taa zilipokolea zile nguo nyeupe zikawaka kwenye nyasi mpaka nikasahau kuwa nimeacha supu jikoni. Mrushaji akaanza kukimbia, na maelfu ya watu kwa pamoja wakaacha kuzungumza. Nilisikia viatu vyake. Nilisikia kitambaa cha bendera. Kisha uwanja mzima ukavuta pumzi, na nikageuka kumtazama Clem, nikakuta hatazami pichi kabisa. Ameupa mchezo mgongo, anatazama watu, na machozi yanamtoka.

“Wewe, wiketi imeanguka, mpigaji ametoka,” nikamwambia.

“Najua,” akasema. “Nimeiona kwao.”

Tangu hapo, kila Testi ya usiku ana kiti chake kando ya kamba, na pembeni yake hukaa Lachlan Ottaway, ambaye baadaye aliichezea timu ya taifa mechi za mchana, kwa heshima kubwa. Wawili hao hawauoni mpira, na hushindana nani atakuwa wa kwanza kuusikia ukigusa ukingo wa gongo. Hubishana kuliko waamuzi. Nikimuuliza Clem kama sasa anakubali Testi ichezwe usiku, hujibu kwamba hakubali hata kidogo, kisha huniuliza mwaka huu inaanza lini ili aoge mapema.

Sasa ule ufunguo. Desemba iliyopita, asubuhi ya Testi yake ya mwisho, Tanvi, ambaye ndiye atakayeshika nafasi yake, alitoka kukagua pichi. Clem alimfuata nyuma.

“Simama tu uangalie,” akamwambia. “Una macho mazuri, yatumie.”

Tanvi alipiga magoti, akafumba macho, akapitisha kiganja polepole kutoka vijiti vya wiketi vya upande mmoja mpaka vya upande wa pili. Alipofika mwisho hakufumbua. Alinyoosha mkono nyuma, wazi, akasubiri. Clem aliingiza mkono mfukoni, akamwekea ufunguo kiganjani. Ofisi ya utumishi iache kuutafuta.

Clem, asante kwa kila asubuhi uliyochafua magoti kwa ajili yetu, na asante kwa ile asubuhi uliyosimama. Wewe na Hedwig muwe na afya, na majirani wa Semaphore wawe na nyasi za kutosha. Kiti chako kando ya kamba hakitakaliwa na mtu mwingine, na pai itakuwapo, chumvi ikiwa imepungua. Usijali kuhusu mpira. Ukija, tutakupigia kelele.