Bibi Chizuru, Aliyekuwa Sauti ya Rinzo

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki kimezoeleka kuwa cha upole. Leo mtanivumilia. Nina kinyaa, na sijui kukificha.

Tunamkumbuka Nagakubo Chizuru, aliyefariki mwezi uliopita hapa Tokyo akiwa na miaka sitini na minane. Huenda jina hulijui. Lakini kama umewahi kucheza gemu, unamjua Rinzo, yule mbweha mwenye upanga. Sauti ya Rinzo ni Bibi Chizuru. Kwa miaka thelathini na mmoja, sauti ya Rinzo ilikuwa Bibi Chizuru.

Alizaliwa Akita, kule kaskazini, kwenye theluji ya kufika dirishani. Alipokuja Tokyo alifungasha vyakula vya mchana dukani, mtaa wa Nerima, na jioni alisomea uigizaji wa sauti. Wenzake waliicheka lafudhi yake. "Unaongea kama mtu mwenye kiazi mdomoni," walimwambia. Akawajibu, "Basi nipeni nafasi ya mtu anayekula." Wakampa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mlinzi anayetafuna.

Mimi nilikuwa fundi mitambo kwenye studio aliyorekodia. Kipaza sauti husikia hata tumbo linalonguruma, kwa hiyo kabla ya kuingia alikula nusu ya tonge la wali. Si zima, nusu. Aliingia na soksi tu, na akigeuza ukurasa husikii kitu. Na Rinzo hufa sana, mnajua wenyewe. Hufa kwa moto, kwa sumu, kwa kuanguka gengeni. Kila kifo kilitoka kwenye koo la mama huyu mfupi. "Leo nimekufa mara arobaini na bado saa sita haijafika," aliniambia siku moja. "Ngoja nikamnunulie mume wangu samaki, maana yeye akikosa chakula ndiye atakayekufa kweli."

Kwetu mhusika hazikwi na mwigizaji wake. Hurithishwa. Mkubwa humchagua mdogo, mdogo huja kuinama mbele yake, na kuanzia siku hiyo sauti ina mlezi mpya. Miaka miwili iliyopita madaktari walimkuta Bibi Chizuru na saratani ya koo. Akamchagua mwanafunzi wake, Otobe Wakana. Wakana aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Bibi Chizuru akamwambia, "Inuka, wewe mtoto. Rinzo hainamii watu hivyo."

Hilo ndilo alilolitaka kabla ya kufa. Rinzo aende kwa Wakana. Hakutaka kingine.

Bwana Kuroiwa, msimamizi wa gemu ya Rinzo kwenye kampuni inayoitengeneza, alikubali kwa tabasamu pana. Akaomba jambo moja. "Kabla ya upasuaji, Mwalimu, tusomee sentensi elfu mbili. Zitamsaidia mrithi wako kujifunza." Bibi Chizuru akasoma siku sita. Koo linauma, anameza maji, anasoma. Binti yake, Sawako, alimsihi apumzike. "Nikipumzika, mtoto wa watu atajifunzia wapi?" alimjibu. Alisoma kwa ajili ya Wakana. Nalirudia hilo ili asije mtu akasema hakusikia: alisoma kwa ajili ya Wakana.

Wakana hakusikilizishwa hata sentensi moja. Zote elfu mbili zililishwa kompyuta, ijifunze kuiga sauti yake.

Madaktari wakaondoa sehemu ya koo inayotoa sauti, na Bibi Chizuru akawa anaandika kwenye kibao. Gemu mpya ilipotoka, Sawako aliiwasha sebuleni. Rinzo akaongea. Akaongea maneno ambayo mama yake hajawahi kuyatamka, kwa sauti ya mama yake, na mama yake amekaa pale pale hana sauti. Bibi Chizuru alisikiliza hadi mwisho, kisha akaandika, "Huyu hapumui." Aliiandikia kampuni barua tatu. Akajibiwa mara moja tu, kwamba Rinzo ni mali ya kampuni. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hajawahi kukuomba usome siku sita ukiwa na saratani.

Nilidhani wamemaliza. Kumbe bado. Kwenye mazishi kampuni ilileta shada la maua, na ndani ya shada kulikuwa na spika. Bwana Kuroiwa akabonyeza. Tukasikia sauti ya marehemu: "Asanteni nyote kwa kuja kuniaga." Mzee mmoja nyuma yangu alitoka nje. Sawako akamwendea, akainama kama heshima inavyotaka.

"Bwana Kuroiwa, zima."

"Lakini Bi Sawako, sikiliza. Mama anasikika mzima kabisa."

"Ndiyo maana nakwambia zima."

Baada ya kuchomwa mwili, familia huokota mifupa kwa vijiti, watu wawili kwa kila mfupa. Mfupa wa koo huwa wa mwisho, nao ni wa walio karibu zaidi na marehemu. Ule mfupa ni wa shingo, kisu cha daktari hakikuufikia. Ndugu wa damu walikuwa wamejipanga. Sawako akawapita wote, akampa Wakana vijiti. Wakaunyanyua pamoja, taratibu. Hakuna ndugu aliyenung'unika.

Kwa hiyo, wasikilizaji, mrithi wa Rinzo anajulikana. Anaitwa Otobe Wakana. Kampuni haijampigia simu mpaka leo.

Sawako na familia yote ya Nagakubo, poleni sana. Wakana, pole nawe, umefiwa na mwalimu. Nawe uliye nyumbani, leo mtoto wako akiwasha gemu na Rinzo akalia kwa uchungu, kaa umsikilize, kisha jiulize ni nani aliyeumia ili kilio kile kipatikane.

Nilitaka kuwaaga kwa sauti yake mwenyewe. Niliiomba kampuni rekodi moja tu, ya zamani. Wakajibu kwa adabu kwamba rekodi zake wamezihifadhi pamoja na zile za kompyuta, na hakuna tena pale ofisini anayeweza kuzitofautisha.