Supu ya Mifupa

Tsendsuren, muuza viatu, alijifanya anachezea simu, kumbe masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele ndani ya basi la jijini Ulaanbaatar. Msichana mwenye vitabu vya tiba ya jadi alikuwa akimlalamikia bibi asiyemjua.

"Bibi, wenzangu darasani wamenipima mapigo. Wanasema mimi ni mtu wa upepo, moja ya zile aina za miili vitabuni mwetu, na watu wa upepo ndio wenye wasiwasi, hawalali. Tangu siku hiyo sijapata usingizi!"

"Walikupima saa ngapi?"

"Mchana. Nilikuwa nimepanda ngazi mbio kuwahi mtihani."

"We mtoto! Mapigo hupimwa asubuhi na mapema, kabla hujala. Hao wamepima ngazi."

Tsendsuren nusura acheke. Msichana hakucheka. "Na wakipima asubuhi wakakuta upepo uleule?"

Bibi akamwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono. Akayasikiliza mapigo kwa vituo viwili vizima. Basi liliposimama, akainuka.

"Umeona nini, bibi?"

"Huna kitu, mwanangu. Kunywa supu ya mifupa, ulale."

Akashuka. Msichana akasawijika. Hata Tsendsuren, ambaye hajafungua kitabu maishani, alijua supu ya mifupa ni dawa ya upepo.