Kumuaga Shifaa wa Tovuti ya Asali

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Paroko, Shehe uliyetoka mjini alfajiri kwa ajili yetu, Mzee Soud na Bi Tufaha, wazazi wa Shifaa mliokuja kutoka Gongoni, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wafuga nyuki wenzangu mlioiacha mizinga porini leo: mwangaluka. Wakubwa zangu wote, shikamooni. Assalamu alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo. Kama kuna niliyemruka asinune, pilau ni la wote.

Mimi Theodora Mahona, mwenyekiti wa ushirika wetu wa asali hapa Ipole, nimepewa kazi ya kumuaga Shifaa, anayehamia Mwanza kikazi kesho kutwa. Niliambiwa niseme kwa kifupi. Walioniambia hivyo wananijua vizuri, lakini leo watanivumilia.

Mnakumbuka alivyofika? Alishuka garini kakumbatia kompyuta kama mtoto mchanga, miguuni viatu ambavyo mchanga wetu ulivimaliza ndani ya wiki moja. Nani hapa hakusema kwamba binti wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara, hatamaliza mwezi? Mimi nilisema, tena kwa sauti.

Alikuja kututengenezea tovuti, ili kila mfuga nyuki awe na ukurasa wake: picha yake, pori anakotundika mizinga, asali anayovuna, na mahali pa mtu kumwandikia ujumbe. Nikadhani atakaa atengeneze kurasa moja baada ya nyingine, kama mtu anayesuka mikeka. Akacheka. Akanieleza kwamba ukurasa ni mmoja tu, nao ni mtupu, na habari zetu sote zimehifadhiwa kwenye kanzidata. Mtu akifungua anwani, programu inausoma mkia wa anwani hiyo, pale mwishoni penye namba ya mwanachama, kisha inakwenda kwenye kanzidata, inamchukua mwenye namba ile na kumleta ukurasani. Mkia ukiwa na namba ya Theodora, anakuja Theodora. Nikamuuliza, na mkia usipokuwepo? Akasema, basi atakuja aliyeandikishwa wa kwanza.

Aliyeandikishwa wa kwanza ni nani? Ni Bernadeta, mweka hazina wetu, kwa sababu hakuna mkutano Bernadeta aliowahi kuchelewa.

Sasa, ndugu zangu, sisi tumekulia kwenye sanduku la posta la parokia. Sanduku lilikuwa moja, kijiji kizima, na barua zikifika katekista anasimama baada ya misa anaita majina. Kwetu anwani ni mahali pa kufikia tu, ukishafika utaitiwa mtu wako. Kwa hiyo mtu akituomba anwani ya tovuti, tuliitaja mpaka pale penye jina la ushirika, tukanyamaza. Mkia wa nini? Wakifika si wataulizia? Matokeo yake salamu za wajukuu wa watu, pole za msiba wa watu, na posa mbili za heshima kabisa zikamfikia Bernadeta. Baba Bernadeta yuko hapa, naona anacheka, basi yamekwisha.

Lakini kuna mwenzetu ambaye kwake jambo hili halikuwa la kuchekesha. Ni Godeliva. Wengi mnamfahamu kwa asali yake nyeusi na kwa ukimya wake. Godeliva alikuwa akiishi Ulyankulu. Mumewe alipofariki, mwanawe wa pekee, Tobia, aligombana na baba zake wadogo juu ya shamba, akaondoka kwa hasira bila kusema anakokwenda. Mama akabaki peke yake, akahamia huku kwa dada yake Esperansi. Simu ikapotea, namba ikapotea, na mtoto hakujua tena mama yuko wapi. Miaka ikapita hivyo.

Tovuti ilipoanza, Godeliva akawa anawapa anwani madereva wote wa malori ya tumbaku: mkimkuta mwanangu barabarani, mpeni hii. Naye aliwapa kama tulivyokuwa tukitoa sote, bila mkia. Na Mungu si Athumani, anwani ile ilimfikia Tobia huko Tunduma. Akaifungua. Akamkuta Bernadeta anatabasamu.

Hebu jiwekeni katika nafasi yake. Umeambiwa mama yako yuko hapa, unafungua, unakutana na mwanamke usiyemjua. Utafikiri nini? Yeye alifikiri mama amekufa, na nafasi yake amepewa mtu mwingine.

Tovuti inatunza kumbukumbu ya kila anwani inayoombwa, na Shifaa alikuwa na tabia ya kuzisoma kila asubuhi akinywa chai. Akaona simu moja, ileile, inafungua anwani isiyo na mkia, inakaa na Bernadeta kidogo, inaondoka bila kuandika neno, na kesho inarudi. Akaniita. Akaniambia, "Mama, huyu hatafuti asali. Huyu anatafuta mtu."

Kazi yake ilikuwa tovuti ya asali. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini siku ileile alibadilisha programu, kwamba ikikuta anwani haina mkia isimlete Bernadeta tena, bali iseme karibu, na iulize: unamtafuta nani? Halafu iache nafasi ya kuandika jina.

Kesho yake akaona mkia mpya, maana jina unaloliandika pale huingia ndani ya anwani yenyewe. Mkia ulisema: mama tobia. Programu ikausoma, ikaenda kwenye kanzidata, ikarudi mikono mitupu. Hakuna mwanachama mwenye jina hilo. Yule mtu akajaribu tena, akajibiwa vilevile. Baada ya hapo hakurudi.

Shifaa alikuja ofisini macho mekundu. Akaniuliza Mama Tobia ni nani, nami mwenyekiti mzima sikujua. Sisi tulimjua Godeliva, mgeni aliyekuja bila mtoto. Basi binti huyu akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, mpaka kambi za porini, akimuuliza kila mmoja wetu nyumbani anaitwaje. Si jina la ubatizo wala la kitambulisho, bali lile analoitwa na wa kwake. Mlimcheka, mkampa hata majina ya utani ambayo siwezi kuyataja mbele ya Baba Paroko. Alipofika kwa Godeliva, mwenyewe akasema, "Zamani niliitwa Mama Tobia. Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza."

Shifaa akayaingiza yote kwenye kanzidata, kila mwanachama na jina lake la nyumbani. Halafu akasubiri. Mzee Soud, Bi Tufaha, Idi ile mliyomngoja Gongoni asije, mkanuna, na haki yenu mlikuwa nayo: alikuwa hapa, anafungua kumbukumbu asubuhi na jioni, anaogopa kwamba yule mtu amekata tamaa kabisa. Tusameheni. Tulikuwa na mtoto wenu, na alikuwa akimtafuta mtoto wa mwenzetu.

Jioni ya Idi pili, mkia ukaja. Mama tobia. Programu ikausoma, ikaenda, na safari hii ikarudi na Godeliva, kavaa kitenge cha bluu, kashika sega la asali. Ujumbe ulioandikwa chini yake ulikuwa mfupi: Mama, ni mimi. Bado upo?

Shifaa alikimbia na simu mkononi mpaka kwa Godeliva, akamsomea. Godeliva akaketi chini pale pale uani. Shifaa akamuuliza amjibu nini. Akasema, "Mwambie nipo. Muulize amekula?"

Ndugu wageni waalikwa, mimi nimemuuliza Tobia mwenyewe kwa nini asiandike tu Godeliva. Akanijibu kwamba jina analijua, ila mtu hamwiti mama yake kwa jina. Ndiyo, nimemuuliza mwenyewe, uso kwa uso, jana, maana alishuka Tabora juzi na jana akaingia Ipole. Ni yule pale, shati jeupe. Na huyo aliyemshika mkono wa shati tangu asubuhi mnamjua.

Shifaa mwanangu, tunakupenda, na kuondoka kwako kunatuuma. Ratiba inasema neno la shukrani lilikuwa la Godeliva. Amekataa kusimama, anasema akisimama itabidi aachie mkono. Amenituma mimi. Amesema: "Mwambie Shifaa nyumbani kwangu asipige hodi. Aingie."

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Asanteni sana.