Fungu la Asiyekuja Kazini: Maisha ya Karimu Zubeir

Ndugu zetu mliotoka Magara, Kizuka, Kabonga na Bujumbura, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi watoto mlioketi hapa mbele, amani iwe nanyi. Familia imenipa mimi Nasiri, baba yake mdogo, kazi ya kuwasomea maisha ya mtoto wetu, na nitasoma polepole, kwa sababu tumechoka sote, na kwa sababu kuna sehemu moja ya karatasi hii ambayo jana tuliiandika mara mbili.

Karimu Zubeir alizaliwa Jumapili tarehe 14 Februari 1988, Magara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu kaka yangu Zubeir, mvuvi, na Mariyamu, muuza mawese, ambaye tunaye hapa. Zubeir alikuwa katika kundi la wavuvi wanane, na wengi wenu mnajua desturi ya makundi yetu, kwamba mwenzao akiugua na kubaki kitandani, asubuhi samaki wakigawanywa fungu lake linatengwa kama la wengine, linapelekwa nyumbani kwake kwenye ndoo, na hakuna anayeuliza atapona lini. Mwaka ambao Zubeir alivunjika mguu, nyumba ile ilikula kutoka kwenye ndoo hiyo kwa miezi mitano, na Karimu alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka.

Alianza darasa la kwanza Magara Septemba 1994, lakini Oktoba 1996 familia ilikimbia vita kwa njia ya ziwa, ikafika mkoa wa Kigoma, na huko kambini aliendelea na masomo katika darasa nililokuwa nikifundisha mimi. Alikuwa mtoto mpole, mwenye mwandiko mzuri, ila alikuwa na tabia ya kuwaonyesha wenzake majibu, nikamhamisha dawati mara nne, na kila dawati alilohamia lilianza kupata hesabu zote. Familia ilirudi Burundi Julai 2004, akasoma lise, yaani sekondari, hapa Rumonge, akapata diploma mwaka 2010, kisha akaenda Bujumbura kusomea kompyuta, na akahitimu tarehe 29 Novemba 2013.

Kuanzia Januari 2014 alikuwa na chumba kidogo karibu na soko la Rumonge, akitengeneza kompyuta, akiwaandikia watu barua, na kuwafundisha vijana kutumia mashine. Jumamosi tarehe 6 Agosti 2016 alifunga ndoa na Fahima, binti wa mzee Hamisi wa Kizuka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Warda aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2017, na Abdul aliyezaliwa tarehe 21 Januari 2020.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2021 aliajiriwa na kampuni ya teknolojia ya SautiLac, tawi la Rumonge, na kwa faida ya wazee na watoto nitaeleza kazi yenyewe. Watu arobaini wanakaa mbele ya kompyuta na kaske masikioni, wanasikiliza sauti za watu zilizorekodiwa kwa Kiswahili na Kirundi, wanaandika kila neno, na maandishi hayo yanatumwa mbali ili mashine zijifunze kusikia lugha zetu. Ni kazi ya heshima, Karimu aliipenda, na miezi ya kwanza alikuwa akirudi nyumbani akituigizia sauti za vibibi alivyovisikiliza mchana, mpaka Mariyamu anashika mbavu kwa kucheka.

Lakini kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, mashine ikihesabu sauti alizoandika na dakika alizonyamaza, na dakika nne za kunyamaza zilileta alama nyekundu, hata kama mtu alikwenda msalani. Kila Jumatatu majina yalibandikwa ukutani kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, wa kwanza akapigiwa makofi, wa mwisho akasimama mbele ya wenzake kueleza sababu, na aliyekuwa wa mwisho wiki tatu mfululizo hakurudi ya nne. Mama mmoja aliomba ruhusa ya kwenda kumzika mjomba wake, akaulizwa ni mjomba wa tumbo moja na mama yake au wa kuitwa tu. Direkta, mkuu wa tawi, alizoea kusema katika mikutano kwamba pale wote ni familia moja, na Bernardo, mfanyakazi mwenzake Karimu, ambaye yuko hapa na ameniruhusu kulisema hili, aliwanong'oneza wenzake, "Familia gani hii? Nyumbani kwetu hata kikohozi hakina namba."

Karimu alipandishwa kuwa shefu wa ekipe, yaani kiongozi wa kikundi, mnamo Oktoba 2022, akiwa na watu wanane chini yake, na tangu hapo tulianza kumwona akichoka. Alikuwa akila amesimama, simu mkononi, akijibu ujumbe wa kazi hata siku ya Idi. Januari 2023 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na baadaye figo zikaanza kuharibika. Mara tatu aliomba konje, yaani ruhusa, ya siku moja ili aende kwa daktari Bujumbura, mara mbili akaambiwa asubiri mwezi uishe. Madaktari hawakutuambia kwamba kazi ndiyo iliyomwua, na mimi sitalisema, ila siku hizo mbili zilipita, na mwili wake ulizihitaji.

Sasa nimefika kwenye sehemu niliyowaambia. Februari 2024, Dusabe, mmoja wa wale wanane, akiwa mjamzito wa miezi sita, aliamriwa na daktari alale kitandani bila kuinuka, na akalala majuma saba. Namba yake ingenyamaza, jina lake lingekuwa la mwisho wiki tatu, na kazi ingekwisha. Karimu aliwakusanya wenzake wakati wa chakula, akawaambia, "Mwenzetu iko kitandani, tumutengee," na watu wa pwani hii hawakuhitaji maelezo mengine. Kila siku kila mmoja aliandika baadhi ya sauti chini ya namba ya Dusabe, na shefu wao aliandika nyingi kuliko wote, baada ya kumaliza zake, na ofisi, iliyozoea kutazama namba tu, haikugundua. Hakuna sauti iliyoandikwa vibaya, hakuna kazi iliyopotea. Dusabe alijifungua salama, na baada ya konje fupi ya uzazi akarudi kazini tarehe 6 Mei 2024.

Juma lile lile walikuja wageni kutoka makao makuu, wakamuuliza Karimu mbele ya direkta imekuwaje ekipe yake haijapoteza mtu hata mmoja kwa mwaka mzima. Na Karimu, ndugu zangu, akawaeleza. Aliwaeleza habari ya wavuvi na ndoo, na majuma saba ya Dusabe bila kumtaja jina, aliwaeleza kwa furaha, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya msikitini, akiamini kwamba watafurahi na pengine wataliiga jambo hilo. Wageni waliandika, wakashukuru, wakaondoka.

Ijumaa tarehe 17 Mei 2024 aliitwa ofisini, akaambiwa kwamba namba ni ya mtu mmoja, na kwamba alichofanya kinaitwa udanganyifu. Direkta, ambaye tunaamini naye alikuwa na wakubwa wake, alimwambia, "Tutajie tu uliyemjazia, na waliokusaidia, wewe utabaki." Karimu akajibu, "Direkta, mimi niko shefu wao. Mukitaka jina, andikeni langu." Hapo ikaletwa karatasi kwa wale wanane, imeandikwa kwamba Karimu alifanya peke yake bila wao kujua, na wakatakiwa watie saini. Yeye hakuwaambia wasaini wala wasisaini, alitoka nje, akasimama kwenye ngazi akiwapa mgongo, ili wasilazimike kusaini mbele ya macho yake. Wote wanane walisaini.

Tangu siku ile, jina lake lilitembea Rumonge na neno moja nyuma yake. Aliomba kazi sehemu tatu, zote zikataka barua ya kampuni, na barua ilisema udanganyifu. Katika harusi moja ya hapa mjini, mtu tunayemfahamu alimwona amekaa kando yake, akauhamishia mkoba wake upande wa pili. Karimu hakumlaumu mtu, alisema tu, "Baba mudogo, ningeliiba kweli, si ningekuwa na gari?" na akacheka, lakini hakwenda tena harusini.

Jana, wazee wa familia walipokaa kuandika historia hii, tuliandika kwamba marehemu aliacha kazi mwaka 2024 kwa sababu za afya. Tuliona inatosha, na mimi ndiye niliyeshika kalamu. Baada ya sala ya alasiri akaja Dusabe, amembeba mtoto wake, akaomba asomewe, na tulipofika hapo akasema, "Hapana, baba. Hakuacha. Walimufukuza kwa ajili yangu, na mimi nilisaini." Nilimwambia kwamba yeye bado anafanya kazi pale, kwamba leo watakuwepo watu wa kampuni, na kwamba marehemu alinyamaza ili yeye asitajwe. Akajibu, "Najua. Niko na mutoto na niko na hofu. Andika jina langu."

Mariyamu, mama wa marehemu, ndiye aliyeniambia nichukue karatasi nyingine. Kwa hiyo nasoma kama ilivyoandikwa mara ya pili, kwamba Karimu Zubeir alifukuzwa kazi tarehe 17 Mei 2024, kwa sababu alimtengea Dusabe fungu lake, na kwa sababu alikataa kumtaja. Wenzake watano kati ya wale wanane wameweka majina yao chini ya maneno haya, Dusabe na Bernardo wakiwa wa kwanza. Watatu hawakuweza, nao pia wana watoto, na familia inawasamehe wote wanane bila kubagua, nasi tunawaomba wote aliowakosea Karimu wamsamehe.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulizidi, alianza kusafishwa damu Bujumbura mwezi Machi 2025, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa mbili asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, Fahima akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Rumonge na Bujumbura, waliosema nasi kwa upole hata pale ambapo hawakuwa na habari njema. Tunawashukuru majirani waliolala na watoto tulipokuwa hospitali, na wavuvi wa Magara waliotuletea samaki bila kuulizwa. Tunaishukuru kampuni kwa ujumbe wake wa rambirambi. Tunawashukuru wenzake wa kazi waliokuja leo siku ya kazi, na hao tunawaombea, kwa sababu kesho asubuhi watapanda tena zile ngazi na hatujui watapokelewaje.

Warda, mjukuu wangu, sogea uketi kando ya bibi yako. Wakikuuliza shuleni kwa nini baba yako alifukuzwa, usikimbie na usilie. Waambie mama Dusabe alikuwa mgonjwa, na baba akafanya kazi yake. Abdul akikua, mwambie hivyo hivyo.

Karimu, mwanangu, tumelisema mbele za watu. Pumzika.