Sauna Haitoi Klamidia

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni, theluji nyepesi ikianguka mjini Tampere. Ndani ya tramu, abiria mmoja, Hillevi, alitazama dirishani, kama afanyavyo mtu mwenye adabu anaposikiliza mazungumzo ya wengine. Mbele yake walikaa marafiki wawili, Oskari na Jalmari.

“Nilikuwa nikikojoa naungua,” alinong’ona Oskari. “Nikaingia sauna, kile chumba cha mvuke, kila jioni, nikatoka jasho. Sasa sisikii kitu. Nimepona.”

“Sauna inatoa jasho, kaka, haitoi magonjwa ya zinaa, si klamidia wala kisonono,” alijibu Jalmari. “ Maumivu yanaweza kuondoka, vijidudu vikabaki. Wengine hawaumwi kabisa, na bado wanaambukiza.”

“Babu alitibu kila kitu kwa sauna.”

“Na hili alikuambia alilitibu?”

Hillevi aliuma mdomo asicheke.

“Mpenzi wangu Veera anarudi leo kutoka Oulu,” alisema Oskari.

“Basi kapime kwanza. Unatoa mkojo kwenye kikopo, basi. Na yeye umwambie kabla hajavua koti.”

“Nitamwambiaje?”

“Kama ulivyoniambia mimi.”

Tramu ilisimama kwenye kituo cha zahanati. Jalmari alishuka, akauzuia mlango kwa mguu. Hillevi alivuta mkoba wake uliokuwa njiani, njia ikawa wazi. Oskari alisimama, akakaa tena, akaitoa simu na kulitafuta jina la Veera, amwambie kwanza, kisha ashuke.